Mezani na Mama Watoto

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, na Bwana Shamba mstaafu aliyesoma hapa kuanzia 1966 hadi 1969. Yamechapwa karibu kama yalivyosemwa.)



Kamati iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya maisha baada ya kustaafu. Nilidhani wanataka habari za kiinua mgongo, ufugaji wa kuku na bodaboda za mkataba, mambo ambayo mstaafu huambiwa na kila anayekutana naye, na ambayo wengi wetu tumekwisha kuyapotezea fedha. Mimi kuku wangu mia mbili waliteketea kwa mdondo katika juma moja, na mimi ni Bwana Shamba; kwa hiyo katika jambo hilo sina la kumfundisha mtu. (Kicheko.) Nikamwuliza Mama Watoto niseme nini. Akaniambia, “Waeleze namna ulivyojifunza kula.” Basi nitawaeleza hilo, na asiyetaka anaweza kusinzia, maana baada ya chakula cha mchana ni ruksa.

Wenzangu wa 1966 wanakumbuka kwamba bwalo hili lilikuwa na meza ndefu, watu kumi kila meza, sinia moja la ugali na karai moja la maharage. Kiranja wa meza akisema “Karibuni”, vita imeanza. Mtu mwenye tabia ya kutafuna huku akisimulia habari za kwao alilala na njaa. Mimi muhula wa kwanza nililala na njaa mara nyingi, maana kwetu Upareni tulikula makande, na makande hayana mbio. Nikajirekebisha. Nilipofika Kidato cha Pili niliweza kumaliza sehemu yangu kabla jirani yangu hajapoza tonge la tatu. Nilijivunia jambo hilo kama wengine walivyojivunia mpira. Sikujua kwamba tabia hiyo nitaibeba kwa zaidi ya miaka arobaini.

Baadaye nilisomea kilimo, nikaajiriwa Serikalini, na mwaka 1974 nikapelekwa Sumbawanga. Ninyi mnaosoma historia mtaelewa: nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa chakula, na kulikuwa na kampeni iliyoitwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Bwana Shamba hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Nilikuwa na pikipiki ya Serikali na blanketi, nikilala vijijini majuma mawili, hata matatu. Huko Sumbawanga ndiko nilikomwona mkunga mmoja kijana, mwenyeji wa Ujiji, na mwaka 1976 tukaoana.

Sasa sikilizeni maisha yenyewe. Mimi safari, yeye zamu. Yeye akitoka zamu ya usiku, mimi nimekwisha washa pikipiki. Tuliwasiliana kwa vikaratasi tulivyobana chini ya sufuria. “Maharage yapo. Mtoto amechanjwa, anaweza kupata homa. Mafuta ya taa yamekwisha.” Nami nikajibu chini ya maneno yake na kurudisha karatasi mahali pake. Kama tungevihifadhi vikaratasi vile vingetosha kitabu, lakini tuliwashia moto. Tulipata watoto wanne. Tukahamishiwa Mpwapwa, halafu Morogoro ambako tupo hadi leo. Ikaja miaka ya mwanzo ya themanini, foleni za sukari na sabuni, na unga wa mahindi ya njano tuliouita Yanga. Katika miaka yote hiyo, mahindi na maharage yalipopatikana, siku niliyokuwa nyumbani nilikula makande. Mama Watoto aliyapika vizuri kuliko mama yangu mzazi. Neno hili sikupata kulisema mbele ya mama yangu. Wala, nikikumbuka vizuri, mbele ya Mama Watoto mwenyewe.

Nilistaafu 2011, yeye 2013. Watoto walikuwa wamekwisha kuondoka. Asubuhi ya kwanza ambayo sote wawili hatukuwa na mahali pa kwenda, tuliketi mezani: chai ipo, mihogo ya kuchemsha ipo. Nikala, nikamaliza. Nilipoinua kichwa nikamkuta ananitazama, na kikombe chake bado kimejaa. Sikuwa na la kusema. Nikafungua redio. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo, mpaka ikafika miezi miwili. Nisiwadanganye kwamba tulikuwa tukigombana. Afadhali tungegombana. Tulikuwa kama abiria wawili waliopangiwa kiti kimoja, kila mmoja anachunga asimguse mwenzake kiwiko.

Jioni moja akaniambia kwa adabu yake yote, “Baba, naomba ruhusa niende Ujiji nikamtunze mama. Amezeeka sana.” Nikamwuliza atakaa muda gani. Akasema, “Hapo ndipo sijui.” Mtu aliyefanya kazi ya ukunga karibu miaka arobaini, anayeweza kumtazama mama mjamzito na kukwambia leo usiku au kesho adhuhuri, hasemi “sijui” kwa bahati mbaya. Nililala macho usiku ule.

Wazee wenzangu, mimi ni Mpare, na mnajua tunavyosemwa juu ya fedha. Kulipokucha nilifanya jambo ambalo jamaa zangu wa Same hawajalisadiki mpaka leo: nilikwenda stesheni ya Morogoro nikakata tikiti mbili za daraja la kwanza mpaka Kigoma. (Makofi na kicheko.) Haikuwa anasa. Katika daraja la pili wanaume hulala vyumba vyao na wanawake vyao, nami sikutaka kumsindikiza mke wangu huku nikimsikia akikohoa ng’ambo ya ukuta. Daraja la kwanza chumba ni cha watu wawili. Nilisema moyoni, kama ndiyo safari ya kuagana, basi tuagane tukionana uso kwa uso.

Reli ile Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, kilomita zinazozidi 1,200. Nilikuwa nimeipanda mara nyingi kikazi, nikisoma mafaili. Safari hii sikuwa na faili. Treni ilitufikia usiku, na kulipopambazuka tulikuwa Ugogoni, mibuyu imesimama kila mmoja peke yake. Mama Watoto alikaa dirishani. Tulipoipita Gulwe akaniuliza, “Hapa si ndipo uliposhukia siku ile mtoto wa pili alipozaliwa, ukafika kesho yake?” Nikasema ndiyo. Hatukuendelea.

Halafu tukafika Saranda. Ninyi mliosafiri Reli ya Kati mnaijua Saranda. Ipo chini ya mlima, kabla treni haijaanza kupanda kwenda Manyoni, na treni ikisimama pale, stesheni nzima inageuka jiko. Kina mama wamepanga masufuria, kuku wa kienyeji, wali, ugali, chai, maji ya kunawa yamo ndooni. Abiria wanaruka kabla magurudumu hayajatulia. Mimi nami, na umri wangu wa miaka sitini na miwili, nikaruka. Nikachagua kuku, nikabishana bei kama ilivyo desturi ya kwetu, na nilipokuwa bado nabishana nikasikia honi. Nikatoa fedha yote iliyokuwamo mkononi, nikanyakua sahani, nikakimbia. Behewa letu lilikuwa limekwisha kupita. Vijana wa daraja la tatu wakanivuta mikono, sahani ikiwa juu juu, mchuzi ukinitiririka mpaka kwenye kwapa. Nilitembea treni nzima kwa ndani, behewa baada ya behewa, mpaka chumbani kwetu. Nilipofungua mlango, Mama Watoto alikuwa ameinama anashika mbavu. Aliona yote dirishani. Alicheka mpaka machozi. Ndugu zangu, nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko kile. Niliisikia mara ya mwisho Sumbawanga, kabla hatujapata mtoto wa kwanza.

Ndipo tukagundua kwamba nimeiba sahani. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu, mali ya mama wa watu. Nikasema nitairudisha tukirudi. Mama Watoto akanyamaza, maana neno “tukirudi” lilikuwa bado halijakubaliwa na pande zote mbili.

Tabora tulifika jioni, mabehewa yakapangwa upya, ya Mwanza kwao na ya Kigoma kwao, tukanunua asali. Kesho yake tukavuka Malagarasi, tukapita Uvinza penye chumvi, na hatimaye tukaliona ziwa. Ujiji wageni huenda kutazama mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Sisi tulipita kando tu, maana Mama Watoto alikuwa na haraka ya migebuka.

Kwa mama mkwe nilipokewa kwa heshima kubwa, na heshima kubwa maana yake ni kuketishwa barazani na wanaume. Kina mama walikuwa uani. Chakula kikaletwa: ugali wa muhogo, mgebuka uliopikwa kwa mawese, mboga iliyochanganywa na dagaa wakavu. Nilikula kwa mwendo wangu, nikamaliza, nikabaki nasikiliza. Kati ya baraza na ua kulikuwa na ukuta mmoja wa tofali mbichi. Nikasikia sauti ya Mama Watoto. Alikuwa anasimulia. Mimi sikuwa najua kwamba mke wangu ni msimulizi! Alikuwa anawaigiza madaktari, wagonjwa, mganga mkuu mmoja aliyeogopa damu, na uani watu walikuwa hoi. Kisha dada yake akamwuliza, “Na huko kwa Wapare mnakula nini?” Akajibu, “Makande. Miaka thelathini na saba nimepika makande, na sijayapenda hata siku moja.” Wakacheka tena. Barazani shemeji yangu akatazama chini, akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Jioni nikamwomba twende Kibirizi, pwani ya wavuvi. Pale dagaa huanikwa juani mpaka mchanga wote unang’aa kama fedha, na jua likizama mitumbwi hutoka na taa kwenda kuvua. Mbalamwezi ikiwa kali hawaendi, maana dagaa hufuata mwanga, na mwezi ukiangaza ziwa zima taa haina kazi. Usiku ule ulikuwa wa giza. Ziwa likaonekana kama mji. Nikamwuliza, “Mama, kwa nini hukuniambia juu ya makande?” Akasema, “Baba, uliniuliza lini?”

Nilitafuta jibu. Nilirudi nyuma mwaka mmoja mmoja mpaka 1976, sikulipata.

Nilikaa Ujiji majuma mawili. Kila nilipotaka kujua kama atarudi, alisema, “Ngoja nile kwanza.” Nami nikaanza kula pole pole, si kwa hiari, nilikuwa nasubiri sauti kutoka uani. Juma la tatu akaniambia mwenyewe: meli inaondoka, turudi kwa njia ya Kasanga, anataka kuiona tena Sumbawanga. Mama mkwe alikuwa na wajukuu wa kumtunza, tena wengi. Akatubariki, akatupa dumu la mawese.

Meli yenyewe ilikuwa Liemba, na vijana wa somo la historia naomba mtege masikio. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaletwa kwa bahari na kwa reli ile ile niliyoitaja, ikaunganishwa Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashine grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mimi nilipoambiwa habari ya grisi nilisimama kimya kwa muda. Fundi anazamisha meli huku akijua kwamba mtu mwingine ataihitaji.

Vijiji vingi vya ziwani havina gati. Meli ilipiga honi, na kutoka gizani maboti yalikuja yamejaa watu, mananasi, magunia ya dagaa, kuku wakipiga kelele, kila mtu akitaka kupanda kwanza. Usiku wa kwanza akapandishwa dada mmoja mwenye mimba kubwa. Mama Watoto alimtazama mara moja tu, akamwongoza kwenye kitanda changu, akaniambia, “Wewe utalala sitahani.” Nililala sitahani juu ya magunia. Yule dada hakujifungua melini, alishuka salama kwao alfajiri, na Mama Watoto akaja kukaa nami. Milima ya Kongo ilikuwa inaanza kuonekana ng’ambo. Akafungua sahani ya Saranda. Ilikuwa na ugali wa jana na kipande cha mgebuka. Tukala sote wawili sahani moja, na hapo ndipo aliponipa masharti.

Alisema tusile tena huku redio inazungumza. Alisema nipike mimi, siku moja kila juma, chakula chochote isipokuwa makande. Na kila mwisho wa mwezi tutoke, twende kula mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kula; mbali au karibu, ghali au rahisi, lakini pawe pageni kwetu sote. “Na pole pole,” akasema. “Mimi sikimbizwi na kengele.” Alikuwa akizijua habari za bwalo hili.

Juu ya upishi wangu sitasema mengi. Ugali wa muhogo wa kwanza uliganda sufuriani mpaka tukatafuta patasi. Majirani walituma mtoto kuuliza kama kuna msiba, kwa ajili ya moshi wa mawese. Leo napika wali wa nazi ambao mtu mzima anaweza kuumaliza bila kusukumwa na adabu.

Matembezi tulianza karibu. Tulikwenda kwa mama ntilie wa sokoni, hatua chache kutoka ofisi niliyofanya kazi miaka ishirini, na sikuwa nimepata kukaa benchi lake. Tulipanda Mgeta kwenye baridi tukala viazi na njegere. Mahali fulani, sipataji, tulikula kachumbari iliyotulaza wote wawili siku tatu, na nyumba yetu ina choo kimoja. Nawaachieni mfikiri wenyewe. (Kicheko.) Mama Watoto husema ndiyo safari iliyotufanya tuzoeane kabisa.

Mwaka 2016 tulivuka kwenda Unguja. Jioni tukaenda Forodhani, taa zimewashwa, pweza na ngisi wamepangwa mezani kama vitabu, na miwa inakamuliwa kwa ndimu na tangawizi. Nikaona watu wanakula kitu cha manjano bakulini. Nikamwambia kijana anipe supu ile. Akasema, “Baba, hii si supu, ni urojo.” Nikasema nipe hivyo hivyo. Uchachu wa embe bichi, bajia, viazi, chatini ya nazi, pilipili, vipande vya muhogo vinavyolia mdomoni. Nilisimama nikamaliza bakuli, nikakumbuka masharti, nikaomba la pili nikalila pole pole. Kosa langu lilikuwa kwenye mishikaki ya samaki: nilikula kwanza, bei nikauliza baadaye. Jumla niliyotajiwa sitaitaja mbele ya watoto. Nililipa. Mama Watoto alinishika mkono mpaka nyumba ya wageni kama mtu aliyefiwa.

Mwaka uliofuata tulipita Tanga na Horohoro mpaka Mombasa, tukavuka kivuko cha Likoni tumesimama katikati ya halaiki, na asubuhi tukala mahamri na mbaazi za nazi. Nilimwona Mama Watoto amefumba macho. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema, “Usinisemeshe.” Kwa hiyo mjue kwamba sharti la kuzungumza mezani lina dharura zake.

Sasa nifike mahali pagumu. Mwaka 2019 alianza kunywa maji mengi na kuamka usiku. Alijua mwenyewe kabla ya kipimo, kama alivyokuwa anajua mambo mengine. Ni kisukari. Tukarudi kutoka kliniki kimya kimya, na mezani kimya kile cha 2013 kikataka kurudi. Akasema, “Mimi sitaki kuwa mgonjwa wa kutazamwa wengine wakila. Nimewaona wengi. Matembezi yaishe.” Nikamwambia matembezi hayaishi, kitakacholiwa naye ndicho nitakachokula mimi, kwa kipimo kile kile, nami nikaona aibu kwa namna nilivyotamka kwa ukali. Alinitazama muda mrefu. Akasema tujaribu mwezi mmoja.

Basi tukajifunza upya. Mboga nusu sahani, wanga kidogo, soda hapana, chai bila sukari. Na kliniki wakamshauri nini, katika vyakula vyote vya dunia? Maharage, na mahindi ambayo hayajakobolewa. Alirudi siku ile akasimama mlangoni na mkoba wake, akasema, “Wapare mmeshinda.” (Kicheko na makofi.) Sasa makande yapo nyumbani mara mbili kwa juma, lakini anayeyapika ni mimi, na yeye huyala kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Sijaacha kutumaini.

Sahani tunayotumia ni ile ya Saranda. Inatosha chakula cha watu wawili wenye kipimo. Wakati wa korona, mwaka 2020, ambapo tulijizuia kutoka, tuliibeba mpaka chini ya mwembe wetu, kesho yake kwenye ngazi, kesho kutwa nyuma ya nyumba karibu na banda lililokuwa la kuku, tukahesabu kila mahali kuwa ni pageni.

Mwaka 2024, treni ya umeme ilipofika Dodoma, tuliipanda Morogoro. Nasema kama mtu aliyelala kwenye magunia ya Liemba: ni treni nzuri, safi, inakwenda kama mshale, na tulifika kabla sijamaliza gazeti. Lakini Mama Watoto alishuka amenuna. Nikamwuliza kuna nini. “Madirisha hayafunguki,” akasema. “Sasa mtu anauza wapi?” Kweli, njia nzima hatukuona hata ndizi moja ikiinuliwa kwenye fimbo. Dodoma tulikula mlenda na ugali wa mtama, na tulinunua zabibu. Tulizihesabu: kumi zake, kumi zangu, moja moja, na zilituchukua nusu saa.

Mwezi uliopita macho yake yalipimwa, na daktari amesema jicho la kushoto linahitaji kuangaliwa kwa karibu. Aliniambia jambo moja tu tulipotoka pale: kuna sehemu anataka kuziona tena angali anaziona vizuri, na ya kwanza ni Saranda. Kuna mama mmoja pale anatudai sahani kwa miaka kadhaa. Huenda hayupo tena stesheni, lakini ana wenzake, na sahani yenye ukingo wa buluu mwenyewe huijua. Kwa hiyo Jumatatu tunakwenda Dodoma kwa treni ya umeme, na kutoka hapo tutatafuta njia. Nimekwisha kukubaliana naye kwamba safari hii mwenye kubishana bei ni yeye, na mimi sishuki mpaka chombo kimesimama.

Vijana, leo mchana mmetukaribisha tule nanyi kwenye meza hizi. Nimeona bado mnakula kwa mbio zile zile, na sikuwalaumu, maana karai la maharage bado ni moja. Mimi nilikuwa wa mwisho kumaliza katika meza yetu. Kijana wa kushoto kwangu aliniuliza kama chakula hakijanipendeza. Nilimwambia namsubiri mwenzangu.

Mwenyewe ni yule aliyekaa karibu na dirisha, mwenye kitenge cha kijani. Naona ananionyesha saa.

(Makofi.)